Meza ya Bi Mkasi

Kwenye kile kiwanda cha sare kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyejua nani aliianzisha. Kabla mashine ya kukatia haijagusa kitambaa, aliyeishika alisema "Nakata," na wote waliozunguka meza wakaukagua mstari wa chaki, kisha wakajibu "Kata." Sauti moja ikikosekana, mashine inawekwa chini. Kitambaa kilipangwa tabaka juu ya tabaka na kukatwa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mkono ukiteleza kidogo tu, rundo zima limekwenda na maji.

Kiongozi wa meza hiyo alikuwa Bi Mkasi, na kazi hiyo aliipenda kama roho yake. Mwenye kiwanda alipompeleka kwenye mafunzo ya uongozi, alirudi kichwa kimejaa. Aliambiwa huwezi kuongoza wenzako kama hujaweza kujiongoza mwenyewe, na udhaifu wako umtajie mtu unayemwamini, usikae nao moyoni. Maneno matamu hayo. Mkufunzi alisahau tu kusema mtu huyo anapatikana wapi.

Bi Mkasi hakutafuta mbali. Alikuwa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe alimtafutia kazi pale na kumfundisha hata kushika rula. Walikuwa chanda na pete. Wakati wa chai, wamekaa juu ya majora ya vitambaa, akamfungukia.

"Wifi, kila nikiishika ile mashine, moyo unaniambia leo ndiyo leo, naharibu. Ndiyo maana nawasubiri mjibu."

Wifi alimshika mkono, akamwambia asiwe na shaka, siri imeingia kaburini. Kumbe kaburi lilikuwa na mlango wa nyuma. Wiki haijaisha, mwenye kiwanda akamwita ofisini, akampa kiti, akamwambia kwa upole kabisa:

"Nasikia moyo wako unakuambia leo ndiyo leo. Sasa mtu wa hivyo nimwachie meza?"

Bi Mkasi hakuuliza nani kasema. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, na aliyeyasikia alikuwa mmoja tu. Meza akapewa wifi. Nyumbani mumewe alijikuna kichwa, akasema yeye yuko katikati, amwambie nini dada yake? Bi Mkasi alilia akiosha vyombo, akalia akikunja nguo. Cheo kilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni ule mkono uliomshika juu ya majora.

Siku ya kwanza ya uongozi wake, wifi aliishika mashine, akaiachia. Akaomba dakika moja, akamvuta Bi Mkasi pembeni, pale pale kwenye majora. Jasho lilikuwa limemjaa puani.

"Wifi, mwenzio nina jambo. Yaani nikiishika tu..."

"Ishia hapo," Bi Mkasi alisema, wala hakupandisha sauti. "Hayo usimwambie mtu. Hata mimi usiniambie."

Akarudi mezani, akasimama upande wa wanaojibu. Mwenye kiwanda alikuwa mlangoni anatazama. Moyo ulimshawishi anyamaze tu, sauti moja ikosekane, wifi aaibike mbele ya tajiri wake. Akautuliza moyo.

"Nakata," wifi akasema kwa sauti nyembamba.

Bi Mkasi akaufuata mstari wa chaki kwa macho, mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa umenyooka.

"Kata," akajibu. Hakuongeza "wifi," na tangu siku hiyo hajamwita hivyo tena.