Mkwe Kwenye Tundu la Nyegere

Kuna watu wanaoogopa simba na kuna wanaoogopa mahakama. Abel alimwogopa mama mkwe wake, Bi Devotha, na alikuwa na sababu. Kwa mama huyo, kijijini Kinole, ardhi hufuata upande wa mama, na Abel, mtu wa Same aliyeoa na kuhamia ukweni, hakuwa na hata pa kuchomeka mche wa mdalasini mpaka Bi Devotha aseme neno. Neno lenyewe alilisema siku nyegere alipochimba banda lake la kuku kwa mara nyingine, na alikiambia kinu. Mama huyu alishika mila za zamani: hamtazami mkwe usoni, hamgusi, wala hasemi naye moja kwa moja. Binti yake Filomena, mke wa Abel, akiwepo, humtuma huyo. Asipokuwepo, huambia chochote kilicho karibu.

"Wewe kinu," alisema, "kuku wangu wote wameliwa. Amebaki huyu mtetea anayelalia mayai. Naye akienda, mtu fulani asiniulize habari za shamba la bondeni. Aliyeshindwa kulinda kuku atalinda shamba?"

Basi Abel akaingia kazini. Banda lilikuwa la udongo, sakafu yake ardhi tupu, na kwa kuchimba nyegere hana mpinzani. Kwanza Abel alimwaga pilipili ya unga kuzunguka ukuta. Mtetea alipotoka kunywa maji alipiga chafya mpaka Bi Devotha akaviambia vyungu kwamba kuna mtu ana haraka ya kuua kuku kuliko nyegere mwenyewe.

Ndipo Abel akanunua wavu wa waya. Akachimba mtaro kuzunguka banda, akaushusha wavu chini kando ya ukuta, kisha akaukunja kuelekea nje kama pindo la gauni, akapanga mawe juu yake na kufukia. Mnyama akija kufukua penye ukuta atakutana na waya, achimbe mpaka kucha zimwishe. Kazi ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Tena aliifanya akiwa amejifunga mfuniko wa sufuria ndani ya suruali, kwa mbele, maana kila mwanaume anajua nyegere akikasirika huanzia wapi.

Lilibaki lile tundu la nyegere lililopita chini ya ukuta, ambalo alikuwa hajaliziba. Abel akajiuliza: je, kama lina tawi jingine chini ya sakafu? Mlango wa banda ulikuwa wa kupitisha mkono tu. Akalala kifudifudi, akaingiza tunduni kichwa, mabega, kifua, na kwa wembamba wake akateleza vizuri hadi kiunoni. Hapo mfuniko ukagota ukutani. Alijaribu kurudi nyuma, ncha za wavu zikamshika suruali na kuichana nyuma. Mbele, hakwenda, nyuma, hakurudi. Mtetea akamtazama kutoka kwenye mayai yake, kisha akamdonoa pua.

Nyuma yake nje, miguu yake ikasikia mtu anakuja. Abel aliomba mtu huyo awe Filomena. Hata nyegere ni afadhali, angalau hana mila.

"Mama yangu weee!" Ilikuwa sauti ya Bi Devotha. Akageuka haraka kutazama milima, akavua kanga ya juu na kuirusha kinyumenyume. Mara ya kwanza ilikwenda kwenye mbaazi, akaifuata. Mara ya pili ikamfunika mkwe pale palipohitaji kufunikwa. Kisha akapaza sauti kuelekea bandani.

"Kuku wangu, hebu muulize huyo anatafuta nini chumbani kwako."

"Kuku," Abel akajibu huku akidonolewa, "kwanza mpe mama shikamoo yangu."

Shikamoo ni shikamoo, hata itoke shimoni.

"Kuku, mwambie marahaba."

"Kuku, mwambie mama nimekwama."

"Kuku, hilo naliona. Yaani silioni, nimegeuka."

Kumvuta miguu ilikuwa ni kumgusa, kwa hiyo haikuwezekana. Bi Devotha akachukua jembe ili alipanue tundu, akaanza kulima pembeni mwa mkwe, uso wake umeelekea milimani.

"Kuku! Mwambie mama aangalie anapopiga!"

"Kuku, mwambie mila hazinipi ruhusa ya kuangalia."

Jembe lilipiga waya likaruka. Likapiga jiwe, likalia. Akahamia upande wa pili, mambo yakawa yale yale. Alivuta pumzi, akalipandisha juu kwa hasira zake zote, na mpini ukakatika. Akakaa chini, jasho linamtiririka, akaanza kuugeuzageuza ule mpini. Kule ndani Abel alikuwa amesikia mpini ukikatika. Alijua shamba limekwisha, na aibu hii angerudi nayo Same.

Filomena alirudi kutoka gulioni na kikapu kichwani. Akaona miguu ya mumewe, akaona kanga ya mama yake imetandazwa juu ya makalio, na maandishi yake yanasomeka vizuri: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Alitua kikapu, akacheka mpaka akakaa. Kisha akashika miguu, akavuta. Suruali ikachanika kabisa, Abel akatoka, vipande vyake na mfuniko vikabaki tunduni. Akajifunga kanga upesi hadi kwapani, pua imevimba.

Bi Devotha bado alikuwa anaugeuzageuza mpini uliokatika.

"Nimelima tangu usichana," alisema, "sijawahi kushindwa kuchimba. Kama mimi na jembe nimeshindwa, nyegere ataweza nini na kucha?" Akainua macho, akamtazama mkwe wake usoni. "Abel. Ziba hilo tundu. Kesho uje na jembe lako, nikuonyeshe mpaka wa shamba la bondeni."

Filomena akaacha kucheka. Ndipo Bi Devotha akashtuka, akageukia banda upesi.

"Kuku," akasema, "mwambie aje amevaa suruali."