Kilio cha Danieli

"Mimi nimefiwa, mwenzangu, siwezi kumngoja mtu," alisema Mama Alen, mlezi wa Danieli, huku akijifunga kanga ya pili kiunoni. "Gari la Soni linaondoka sasa hivi. Mtoto huyu hapa. Uji wake nimeutia kwenye chupa ya chai. Nepi kavu ni mbili tu, zilizobaki zote mbichi kambani."

Akamkabidhi Danieli kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba, akashuka ngazi za udongo mbio mbio kuelekea stendi. Elinuru alibaki mlangoni. Mkono mmoja ulimshika mtoto wa miezi sita, mwingine chati ya viungo vya uzazi iliyoviringishwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Kipindi chake cha afya ya uzazi kilikuwa kinakaribia kuanza, na shule ilikuwa ng'ambo ya bonde.

Angeweza kutuma ujumbe kwamba haji. Mtu mwingine yeyote angetuma. Lakini kipindi hicho kilikuwa kimeahirishwa na kuahirishwa tena, mara mitihani, mara mgeni wa wilaya, mara wazazi fulani kwenye bodi wamenung'unika kwamba watoto wao wanafundishwa uhuni. Wiki iliyopita Mwalimu Hezekia, mkuu wa shule, alimwambia kwa upole wa kuudhi kwamba safari hii asipofika, atawapa watu wa hesabu. Isitoshe, Elinuru hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa nyumbani saa nzima bila kazi anaanza kuhamisha masufuria. Basi akamfunga Danieli mgongoni kwa mbeleko, akatundika mkoba begani, akatoka.

Ndani ya mkoba mlikuwa na ule mfuko wa uzazi alioushona mwenyewe kwa kitambaa chekundu na kuujaza pamba, mirija na kila kitu. Kwa kuwa ulifanana na mto wa kulalia, wanafunzi wa shule zote za mji wa Lushoto walimwita Madam Mto. Hakuudhika. Kilichomuudhi ni maneno ya akina mama wa kwaya, ambao hawakuwa na habari kwamba kuta za kanisa hazizuii sauti: kwamba yule Elinuru, miaka thelathini na minne, hana mume, hana mtoto, ni mwalimu wa kuogelea ambaye hajawahi hata kulowa. Walikuwa wanamwonea, lakini usemi wenyewe ulikuwa mtamu, na Elinuru alijua hautaisha upesi.

Mtoto hakuwa wake, basi. Alikuwa wa Jenoveva.

Jenoveva alikuwa na miaka kumi na saba. Elinuru alimkuta Mponde, kwenye mashamba ya chai, kapu mgongoni na mtoto kifuani, akichuma kwa mikono miwili kama vile hajawahi kushika kalamu. Kumbe alikuwa wa tatu darasani kabla ya ujauzito kumtoa shule. Ilichukua safari nyingi kumshawishi baba yake, mtu wa Songea aliyekuja milimani kutafuta kibarua na hakurudi tena kwao. Mwishowe mzee alisema, "Mchukue. Shule wanasema siku hizi wanaruhusu, haya. Lakini siku nitakayomwona hapa tena na kapu, mwalimu, usije ukaniambia habari ya shule. Nitakuwa nimeshasikia vya kutosha."

Jenoveva naye alitoa sharti lake, moja tu. Mkuu wa shule ajue kwa sababu lazima ajue. Wanafunzi wasijue.

"Wakijua naondoka, dada Elinuru. Siku hiyo hiyo. Kule nyumbani walishanionyesha vidole wakachoka. Sitaki kuanza upya."

"Hawatajua," Elinuru alimwambia. "Nakuahidi."

Ikawa wiki ya tatu sasa, na hawakujua. Jenoveva alinyonyesha alfajiri, akakunja vipande vya kanga akaviweka kifuani ndani ya shati, akavaa sweta zito la kijani juu yake, akaenda kidato cha tatu kama msichana yeyote. Wakati wa mapumziko alijifungia chooni akakamua. Mchana alirudi mbio mteremko mzima. Usiku walikaa jikoni, yeye na daftari lake la fizikia, Elinuru na chati zake, na Danieli katikati yao juu ya mkeka akijaribu kula mguu wake mwenyewe. Elinuru hakumwambia mtu, lakini alikuwa na furaha ambayo hakuizoea.

Kipindi cha leo kilikuwa cha kidato cha pili. Hilo ndilo alilojiambia njia nzima huku akipanda, ukungu ukimlowesha nywele: ni kidato cha pili, Jenoveva yuko jengo jingine, hataniona wala hatamwona mtoto. Nitafundisha, nitaondoka.

Mwalimu Hezekia alimpokea uani. "Shikamoo, mwalimu," alisema Elinuru.

"Marahaba. Karibu sana, Madam." Alimtazama mtoto, akamtambua, akashusha sauti. "Huyu naye?"

"Mlezi wake kapata msiba."

"Pole zake. Sasa, nina ombi. Mwalimu wa fizikia leo hayupo, kidato cha tatu wanapiga kelele tu. Nimewapeleka wote bwaloni. Utawaunganisha."

Hapo ndipo alipopaswa kugeuka. Lakini alisikia kelele za bwalo, watoto mia na zaidi, hadhira ambayo kwa miezi mingi alikuwa anaiomba mlango kwa mlango. Mtoto amelala fofofo, akajisemea. Na bwalo ni kubwa. Akaingia.

"Madam Mtooo!" waliitikia kwa pamoja, wakagonga meza.

Alimwona Jenoveva mara moja, safu ya nne, karibu na dirisha. Hakuwa na sweta. Lilifuliwa Jumamosi na mpaka leo Jumanne lilikuwa likidondosha maji kambani, maana Lushoto mwezi wa saba nguo haikauki, inazeeka tu. Alikuwa na shati jeupe peke yake, mabega ameyakunja kwa baridi. Macho yao yalikutana, kisha macho ya Jenoveva yakaenda kwenye mbeleko, na hapo yakabaki.

"Madam, mtoto wako?" aliuliza mmoja wa mbele.

"Nimeazima," alisema Elinuru. "Jioni narudisha."

Bwalo zima likacheka. Naye akacheka. Jenoveva akainamisha kichwa.

Alitundika chati. Alizungusha ule mfuko mwekundu mikono kwa mikono, wavulana wakiushika kwa ncha za vidole kama unauma. Aliwaeleza habari ya kubalehe, sauti inayovunjika, chunusi, hedhi inayomkuta mtu katikati ya gwaride. Akafikia maneno yake aliyoyasema katika kila shule mpaka yakawa wimbo. "Mwili wako hauna adabu wala utovu wa adabu. Mwili una nini?"

"Una kazi!" waliitikia.

Ilikuwa ni ile sauti. Danieli alishtuka, akanyanyua kichwa mgongoni, akakuta sura mia asizozijua. Akalia.

Elinuru alimtikisa huku akiendelea kusema. Alimshusha, akampa uji kwa kijiko, Danieli akautema. Alimpitisha begani. Mtoto alilia kwa pumzi yake yote, kilio cha mtu aliyekoseshwa haki, na wanafunzi wakaanza kucheka, wengine wakimwigiza.

Ndipo Elinuru alipomtazama Jenoveva.

Msichana alikuwa amejikumbatia, amejibana kwenye meza, uso umekuwa wa majivu. Chini ya mikono yake, kwenye shati jeupe, unyevu ulikuwa unatambaa. Ulianza upande mmoja, ukafuata wa pili, ukavuka vifundo vya mikono na kushuka mpaka kwenye mkanda wa sketi. Vipande vya kanga vilikuwa vimeshindwa. Mama anapomsikia mwanawe akilia, maziwa hayamwombi ruhusa. Elinuru alikuwa ameyasoma hayo kwenye semina, tena aliyaandika kwa kalamu nyekundu. Na bado alikuwa amemleta mtoto.

Rahma, aliyekaa meza moja na Jenoveva, aliona. Akamgusa mwenzake wa nyuma bila kukusudia ubaya, basi tu mkono ulienda wenyewe. Mnong'ono ukapita safu hadi safu. Mahali fulani nyuma mtu akapiga mluzi.

Elinuru aligeukia mlango. Atoke, amkimbize mtoto mbali, hata sasa hivi. Lakini Jenoveva alikuwa ameshasimama. Alipita katikati ya meza, mikono ameishusha, hafichi tena kitu. Alifika mbele. Alimpokonya mtoto. Danieli akanyamaza hata kabla hajafika kifuani, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kilio. Akatoka naye nje, akakaa kwenye ngazi za nyuma za bwalo, akawapa mgongo.

Watoto walikimbilia madirishani.

"Kaeni chini," alisema Elinuru. Hakuna aliyegeuka. "Kaeni chini!"

Walikaa. Alisimama mbele yao na mfuko wake wa pamba mkononi. Ni Rahma aliyenyoosha kidole. Hakuwa anacheka. Alikuwa na woga.

"Madam. Yale yametoka yenyewe?"

"Yenyewe."

"Hata kama hataki?"

"Hata kama hataki."

Na akawaeleza. Aliwaeleza kilio kinavyofika kichwani kwa mama, kichwa kinavyopeleka habari kifuani, na jinsi hakuna nia wala shati linaloweza kuzuia. Hakuna aliyecheka. Aliyepiga mluzi alikuwa ameficha uso kwenye kiwiko. Waliuliza, wakauliza tena, maswali ya kweli ambayo hawakuwahi kumuuliza: anayelea mtoto analala saa ngapi, ubongo wake unasoma vipi, baba wa mtoto huwa wapi. Kengele ilipogongwa hakuna aliyeinuka.

Katika miaka yake yote hakuwahi kufundisha vizuri namna ile. Mwalimu Hezekia alimshika mkono kwa mikono miwili mlangoni. "Leo umewakamata, Madam. Uje kila mwezi."

Elinuru aliuchomoa mkono wake. Alijiona mwizi anayesifiwa nguo aliyoiba.

Kwenye ngazi hapakuwa na mtu.

Alimkuta nyumbani. Alikuwa jikoni, shati limefuliwa na kutundikwa, amevaa kanga, nguo zake chache zimekunjwa juu ya begi. Danieli alikuwa amelala.

"Jenoveva."

Msichana alimfunika Danieli vizuri.

"Mama Alen alipata msiba. Nilidhani ni kidato cha pili tu. Nilipoambiwa mko wote..."

"Ungerudi."

"Ningerudi," alikubali Elinuru.

"Nimesikia yote. Dirisha lilikuwa wazi." Jenoveva aliongea taratibu, kama anayesoma. "Ulifundisha vizuri. Walinyamaza kimya. Siku zote unabeba lile karatasi lako, dada, leo hukulihitaji. Leo mimi ndiye niliyekuwa chati."

Elinuru alikaa kwenye kigoda. Angeweza kumwambia kwamba Rahma hakuwa anacheka, kwamba aliyepiga mluzi aliona haya. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililokuwa na maana.

"Nisamehe," alisema.

"Gari la kwanza la Mponde linatoka saa ngapi?"

"Baba yako..."

"Namjua baba yangu."

Usiku Elinuru aligeuka kitandani mpaka shuka likajisokota, akimwona yule mzee wa Songea, akiliona kapu. Alijisemea atapiga magoti mlangoni asubuhi. Kisha akaona hata hilo lingekuwa la kujisaidia yeye mwenyewe, si la kumsaidia binti.

Kulipopambazuka alitoka uani. Ukungu ulikuwa umefunika kamba yote, akahesabu nguo kwa kupapasa: nepi, nepi, kanga, nepi. Shati halikuwepo. Sweta halikuwepo. Ndipo aliposikia harufu ya mkaa, akafuata.

Jenoveva alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, pasi ya mkaa mkononi. Ile sketi ya shule alikuwa ameshaivaa. Shati lilikuwa bado bichi kabisa, na kila alipolikandamiza, mvuke ulipanda ukamfunika uso, ukaondoka, ukarudi. Sweta lilitandikwa kando likingoja zamu yake.

"Shikamoo," alisema bila kuinua macho.

"Marahaba."

Pasi ilipita kwenye kola, ikarudi.

"Mama Alen hajarudi," alisema Jenoveva.

"Nitakaa naye mimi. Leo siendi popote."

"Wakati wa mapumziko umlete. Wameshajua, na kwenye kapu sirudi. Siwezi kukamua chooni kila siku, kunanuka." Aligeuza shati. "Umlete getini. Getini tu, dada Elinuru. Usiingie."

"Sitaingia."

Alivaa shati likiwa bado na joto na unyevu, akavuta sweta juu yake, akashuka mteremko bila kugeuka nyuma. Ukungu ulimchukua kabla hajafika barabarani.

Elinuru alifika getini mapema mno. Alizunguka huku na huku chini ya mikalitusi, mbeleko imemkaba kifua, bila chati, bila mkoba, mikono haijui pa kukaa. Mlinzi alimkaribisha ndani akae kwenye benchi, akakataa. Wanawake wawili wa kwaya walipita na mizigo ya kabichi kichwani, wakamtazama, wakatazamana. Hakuwasikia walichosema, na kwa mara ya kwanza hakujali.

Kengele iligongwa. Milango ya madarasa ikafunguka, uwanja ukajaa masweta ya kijani, yote yamefanana, na mengi yakasimama kulitazama geti. Danieli akakunja uso mgongoni, akavuta pumzi, akaanza kulia.

Elinuru alipeleka mkono nyuma kumbembeleza. Kisha akaurudisha, akamwacha alie, mama yake amsikie.