Kufuli ya Kasiva

Kasiva alikuwa na kufuli, na kufuli yenyewe ilikuwa na sifa zake. Tangu apange chumba mjini Wote, kila mwenzake wa darasani aliyemtembelea alihutubiwa: chuma kitupu, msumeno hauikati, nyundo haiiwezi. Ufunguo, sasa, Kasiva aliogopa kuupoteza chuoni. Basi kila asubuhi alifanya kama walivyofanya kwao Mbumbuni tangu azaliwe: aliuficha nje, ndani ya gambuti kuukuu kando ya mlango, akaenda zake bila wasiwasi.

Alhamisi hiyo alirudi saa nane mchana akakuta mlango wazi na kufuli ikining'inia, haina hata mkwaruzo. Kompyuta! Ilibeba utafiti wake wa mwaka mzima, wa kuwasilishwa kesho, na nakala nyingine hakuwa nayo. Aliingia mbio. Meza ilikuwa tupu.

Kitandani alikaa mzee Nzioka, baba yake mzazi, akinywa chai, gunia la ndengu miguuni pake.

"Baba! Kompyuta yangu iko wapi?"

"Kwani salamu ziliisha?"

"Habari ya safari, Baba. Iko wapi?"

"Mwizi ameenda nayo," mzee alisema, akipuliza chai. "Aliingiza mkono kwa gambuti, akafungua. Jirani yako hapo akamshikia mlango."

Machozi yakamlengalenga Kasiva. Mzee akaona mzaha umezidi, akachomoa kompyuta kutoka kwa gunia, imefungwa kwa sweta.

"Huyo jirani mwenye alinisaidia kuingiza gunia, anaitwa nani?"

Kasiva hakujua. Miezi mitatu wakitenganishwa na ukuta mmoja, na hakujua. Aliona haya.

"Na yeye hakuniuliza mimi ni nani. Hapa mtu atabeba hata kitanda chako, na asaidiwe kubeba! Ufunguo utembee na wewe, umesikia?"

"Nimesikia. Na wa nyumbani uko wapi, Baba? Mama si ako kongamano la kanisa huko Kathonzweni?"

Mzee akaacha kupuliza chai. Akapapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili. Ufunguo alikuwa ameuacha chini ya debe la kuku, ulipokaa miaka thelathini. Akampigia jirani yao wa nyumbani, Mbinya, simu ikiwa kwa spika, Kasiva akijiandaa kucheka.

"Ufunguo niko nao mimi," Mbinya alijibu. "Kuna kijana alikuja kuinua debe, ati umemtuma pampu. Nikamuuliza mama yake ni nani na anaabudu wapi. Akakumbuka ana haraka. Baba Kasiva, wewe utaerevuka lini?"

Badala ya kucheka, Kasiva alitazama ukuta wa jirani yake. Akachota ndengu bakuli moja, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kubisha kwa jirani.

"Mimi naitwa Kasiva," alisema mlango ulipofunguliwa. "Niambie jina lako kwanza, halafu nikugombeze."