Aje Fundi Mwenyewe

Jumatatu asubuhi Nubia Altamar aliingia dukani kwa Don Wilfrido, penye kona ya mtaa wa Las Ceibitas, Barranquilla, akiwa na boya bovu la tangi mkononi, lile linalofunga maji tangi likijaa. Aliomba jingine kama hilo, la nusu inchi. Don Wilfrido alikuwa akimpimia misumari mwanamume aliyeingia nyuma yake. Mteja aliyefuata alimtolea kitasa, na wa tatu, ambaye hakununua kitu, alimshauri kuhusu goti lake linalouma. Duka lilipobaki na Nubia peke yake, Don Wilfrido akafuta miwani na kumuuliza boya ni la nini.

"La tangi," Nubia akasema.

"Mwambie fundi aje mwenyewe, mama. Nisije nikakupa kisichofaa, ukahangaika bure."

Dukani humo kila mwanamume aliitwa fundi, hata padri, na kila mwanamke alikuwa mke wa fundi. Fundi wa Nubia aliitwa Eliécer, mpiga tarumbeta, ambaye maisha yake yote alishika spana kwa ajili ya kufungulia bia tu. Tangi alilipandisha Nubia, na mabomba aliyaunga Nubia. Tena Eliécer alikuwa amefariki tangu kanivali ya mwaka uliopita, na Don Wilfrido alijua hivyo, kwani alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, akalalamikia uzito njia nzima. Duka jingine lilikuwa ng'ambo ya mfereji, na huko nako swali lilikuwa lilelile.

Maji ya bomba hutoka Jumanne na Ijumaa, saa ambazo Nubia yuko sokoni anauza bollo, mikate ya muhogo ya kuchemsha. Akifunga koki, nyumba haina maji wiki nzima. Akiiacha wazi bila boya, tangi linafurika na maji yanashukia ukuta wa chumba cha mama yake, Mama Eudosia, asiyeweza kuinuka kitandani. Ukuta wenyewe ni wa udongo, na ulishaanza kutoa tumbo. Chumba kingine cha kumhamishia hakikuwapo.

Mchana huo Nubia aliisema picha ya mumewe iliyokuwa ukutani. Alimwambia eti kwa Don Wilfrido anatakiwa yeye, basi aende, kwa vile hana kazi nyingine. Kesho yake asubuhi Eliécer akapiga hodi mlango wa jikoni. Alivaa suti aliyozikiwa nayo, ile iliyopasuliwa mgongoni ili imwingie, na hakuwa na viatu. Nubia akamtafutia ndara, akambana suti nyuma kwa vibanio vya nguo, wakatoka.

"Fundi! Umepotea sana!" Don Wilfrido akasema.

Akamvutia kigoda, akammiminia kahawa. Kahawa ikampita Eliécer na kumwagika sakafuni, na Don Wilfrido, ambaye mkewe mwenyewe hakuwahi kumwona ameshika tambara, akainama akapangusa. Wakazungumza mpira kwa kirefu. Halafu akauliza wanataka boya la ukubwa gani.

"Nusu inchi," Nubia akasema.

"Mwache fundi aseme, mama."

Eliécer akamtazama mkewe. Tangu uhai wake hakupenda kuonekana hajui.

"Robo tatu," akasema.

Nubia akasema tena nusu, akaliweka boya bovu juu ya kaunta lijisemee lenyewe. Don Wilfrido alikuwa ameshafunga la robo tatu kwenye gazeti.

Boya halikuingia, lingeingiaje? Nubia alipotaka waende kulibadilisha, akakuta Eliécer ametangulia dukani na amekaa kwenye kigoda, na nyumbani hakurudi tena. Pale aliamkiwa na kuulizwa habari za saruji, heshima ambayo hakuipata hata siku ya harusi yake. Wajane wengine wa mtaa waliposikia, nao wakawaleta wa kwao, na Don Wilfrido akaongeza benchi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wangepita kwa Don Wilfrido wangejionea kwamba asiye na lake ni yule aliyekuwepo.

Nubia alikwenda peke yake na boya la robo tatu.

"Fundi alishachagua," Don Wilfrido akamwambia kwa upole, akimwonyesha Eliécer kwa kidevu. "Unataka nimvunjie heshima mbele ya watu?"

Eliécer alitazama ndara zake. Nubia aliona uchungu kuliko siku aliyomzika.

Jumanne ile koki ilikuwa imefungwa na nyumba ikakauka, basi Ijumaa Nubia akaiacha wazi akaenda sokoni, na maji yakatoka kwa nguvu. Tangi likafurika, na ukuta ukamwangukia Mama Eudosia usingizini. Majirani walisema ni mapenzi ya Mungu. Don Wilfrido alileta shada la maua lenye utepe ulioandikwa: Pole fundi Eliécer kwa kufiwa na mama mkwe.

Jumatatu Nubia akaenda kutafuta saruji ya kujengea ukuta. Alimkuta mama yake ameshafika kaunta, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, vumbi la udongo limejaa nyweleni. Mkononi alikuwa na boya la robo tatu. Alitaka abadilishiwe. Wanaume walipokea chenji zao kupitia begani kwake, yeye akingoja, hadi duka likabaki na wanawake peke yao, ukiacha wale wa benchi.

"Na mzee wako yuko wapi, mama?" Don Wilfrido akamuuliza.

"Sikuolewa mimi," Mama Eudosia akasema. "Nipe la nusu."

"Basi ngoja kidogo, tutaona."

Mpaka leo anangoja, pale mwisho wa kaunta, na watu wamezoea kutundika miavuli yao karibu naye. Siku ile Nubia alisimama ubavuni kwa mama yake, akataja saruji na mchanga aliotaka, kwa sauti ya kusikika. Don Wilfrido akachomoa kalamu sikioni. Akatazama kupita juu ya vichwa vyao wawili, mpaka kwenye kigoda.

"Mifuko mingapi, fundi?"

Eliécer akakuna kidevu na kuanza kufikiri.