Maharage ya Madoa

Odilia alikuwa amekaa barazani, ungo mapajani, akichagua maharage ya mbegu. Zuri moja, Salamu Maria moja. Lililotobolewa na wadudu aliwatupia kuku, na hapo hakusali, maana si adabu kumpa Mama wa Mungu harage bovu. Rozari yake ilikatika siku za msiba wa mumewe Raymond, na hakuwa na haraka ya kununua nyingine. Vidole vilishazoea.

"Hodi hapa."

Sauti aliijua. Pasikali huyo, mdogo wa marehemu, bingwa wa besi katika kwaya ya parokia. Ila leo hiyo besi ilikuwa imemtoroka.

"Karibu, shemeji. Mwakeye."

"Mwakeye," Pasikali aliitikia salamu, akasimama uani na shati lililopigwa pasi, jogoo kwapani. Kati yao wawili, jogoo ndiye aliyethubutu kumtazama mwenye nyumba usoni.

Odilia alijua kilichowaleta. Katika ukoo ule, mjane hatii mbegu ardhini mpaka ndugu wa marehemu aje na jogoo, alale kwake usiku mmoja. Wenyewe wanaita kufungua shamba. Asipofunguliwa, wanasema, mbegu zitaoza, mvua itakimbia, na kijiji kizima kitajua wa kumlaumu. Mwaka jana alikuwa bado na msiba, hakupanda kitu. Mwaka huu nao asipopanda, shamba linarudi kwa ukoo.

"Mkeo Aneth anajua uko hapa?"

"Anajua. Hajanisemesha tangu Jumatano."

"Na hilo shati nani kalipiga pasi?"

"Mwenyewe." Akaonyesha kidole kilichoungua.

Odilia hakutaka kucheka, akacheka. Pasikali naye akatabasamu, kisha akakumbuka alichotumwa na mkubwa wa ukoo.

"Mzee Bazilio kasema mvua zisikolee kabla ya kufungua. Shemeji, mimi sijaja kwa ubaya."

"Najua. Umekuja kwa woga. Sasa sikiliza, kesho ni Jumapili ya mbegu. Zangu nazipeleka altareni. Padre akishazibariki, napanda."

"Kubariki ni kubariki. Kufungua ni kufungua."

"Kwa hiyo Mungu anaanza, halafu wewe unammalizia kazi?"

Pasikali alijikuna shingo. Jogoo akapiga kelele kidogo.

"Nikirudi na huyu wataniuliza."

"Waambie jogoo amekataa."

Alipoondoka, Odilia hakurudia kuchagua mara moja. Msimdhanie kuwa alikuwa jiwe. Kulikuwa na usiku aliponyoosha mkono upande wa Raymond, na mkono ukakuta shuka baridi. Alikwisha kumwambia Mungu hata hilo, kwa maneno ya kawaida, bila kuona haya, maana aliyeumba mwili hawezi kushangaa mwili ukinena. Lakini mlango wake, siku ukifunguliwa, aufungue mwenyewe. Usifunguliwe kwa ajili ya maharage.

Kesho yake kanisa lilijaa vikapu. Mahindi, karanga, maharage ya kila rangi, vyote vimepangwa chini ya altare. Odilia akaweka chake, kimefunikwa kitambaa cheupe. Pembeni yake mama mkwe wake, Theodosia, akaweka chake, nacho na kitambaa cheupe. Vikapu vyote viwili vilisukwa na Theodosia mwenyewe, mstari mweusi uleule ukipanda na kushuka kama njia ya kwenda Manyovu.

"Umezileta kweli," bibi alinong'ona.

"Nimezileta, mama."

"Mvua ikikimbia watasema mkwe wa Theodosia."

"Na isipokimbia?"

Bibi akafunga midomo, maana Padre alikuwa amekwisha kuchovya tawi katika maji ya baraka.

Misa haijaisha vizuri, mvua ikapiga mabati kama mtu anamwaga kokoto. Watu wakacheka, wakapiga vigelegele, kila mmoja akaparamia kikapu chake na kukimbia. Odilia alifika nyumbani amelowa mpaka mifupani. Akafunua kitambaa. Maharage ya njano matupu. Ya mama mkwe.

Yake yalikuwa ya madoa mekundu, mbegu aliyokuja nayo kutoka kwao Kumsenga alipoolewa. Pale kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Siku ile hakwenda. Mvua haikumpa nafasi. Jumatatu alfajiri akabeba kikapu, akapita migombani kwa Theodosia. Akamkuta anaosha jembe.

"Nimemaliza, mwanangu. Kile kipande cha nyuma ya nyumba."

Odilia akatua kikapu chini. "Mama, vikapu vilibadilishana. Umepanda yangu."

Bibi akaendelea kuosha jembe, ingawa lilikuwa limekwisha kutakata.

"Macho yangu haya," alisema. "Siku hizi hata uzi sindanoni siuoni."

"Tuyafukue?"

"Mbegu iliyobarikiwa unaifukua kama muhogo? Kaa hapo." Odilia akakaa. Theodosia akaketi karibu yake, akafuta mikono kwenye kitenge. "Alipokufa baba yake Raymond, mimi nilifunguliwa shamba. Nikanyamaza, nikapanda. Maharage mwaka ule yalikuwa mengi, watu wakaja kubeba. Mimi sikuonja hata moja. Yalikuwa hayapiti kooni."

Odilia akashika mkono wa bibi, wenye udongo bado kwenye kucha.

"Tungoje," Theodosia alisema. "Na wewe usiseme kwa mtu, hata huko kwenye jumuiya."

Lilikuwa juma refu. Majirani walipanda, Odilia akawa anapita na jembe begani kana kwamba ana mahali pa kwenda. Jioni, kwenye sala ya jumuiya, mwenyekiti Winifrida alimwuliza, "Dada, tuje lini kukulimia?" akajibu, "Bado kidogo." Alisali lakini hakupanga maneno. Alisema tu: Bwana, unaziona zile, ziko kwako chini huko.

Juma likaisha, mvua ikiendelea kunyesha usiku na kuanua asubuhi. Ndipo Theodosia akamwita Mzee Bazilio, shemeji yake na mkubwa wa ukoo, aje na Pasikali. Aneth akaja bila kuitwa, akasimama hatua chache nyuma ya mumewe. Bibi aliwapeleka nyuma ya nyumba.

"Kitendawili," alisema.

Mzee Bazilio akaguna. "Theodosia, tumekuja kwa mambo mazito."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Kafukiwa hai, karudi na nyumba kichwani."

Mzee alifikiri, akasugua fimbo yake. "Sijui. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua Kasulu."

"Kasulu nimeichukua. Nimepita sokoni, nikala dagaa kwa mawese, nikanunua kitenge, wewe sikukununulia hata kiberiti, nikarudi." Akaelekeza kidole chini. "Jibu hilo hapo."

Mistari yote ilikuwa imeota. Kila mche uliinama shingo, kichwani umebeba bonge lake la udongo. Iliyotangulia ilikuwa imekwisha kutua mzigo, ikabaki na ganda la mbegu limeng'ang'ania kama kilemba. Pasikali akachuchumaa. Ganda lilikuwa na madoa mekundu.

"Haya ni ya Odilia," alisema. Besi yake ilikuwa imerudi.

"Ni ya Odilia," bibi alisema. "Hakuna aliyelala kwake. Ardhi imekataa?"

Mzee Bazilio alitembea mpaka mwisho wa mistari, akarudi. Alitafuta mche uliooza, hakuuona.

"Shamba lazima lifunguliwe na mtu wa ukoo," alisema hatimaye, taratibu.

"Mimi ni wa ukoo au si wa ukoo? Nimewazalia wanaume watano."

"Ni wa ukoo."

"Basi nimefungua. Kwa jembe."

Mzee akatazama mbingu, iliyokuwa ikijikusanya tena upande wa Burundi. "Mvua haina subira," alisema. "Apande." Akaondoka akigongagonga fimbo.

Aneth alimsogelea Odilia, akamkumbatia bila neno. Halafu akamgeukia mumewe, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile.

"Wewe, yule jogoo yuko wapi?"

"Bandani."

"Kesho wanawake wa jumuiya wanalima kwa dada. Watakula nini?"

Kesho yake walilima, wakaimba, jogoo akaliwa kwa ugali wa muhogo. Kilichobaki kwenye kikapu cha Odilia, bibi alikuwa amekitunza juu ya dari, kikapandwa chote. Jioni wanawake walipotawanyika, Odilia alimkuta Theodosia barazani kwake, ungo mapajani, akichagua maharage yake ya njano kwa ajili ya kupika.

"Mama," alianza, "siku ile kanisani, kile kikapu..."

"Shii. Nasali."

Jua lilikuwa linazama, na baraza lilikwisha kuingia giza. Vidole vya bibi asiyeona uzi sindanoni vilipita juu ya ungo uliojaa, vikasimama, vikachomoa harage moja dogo lenye madoa lililokuwa limejificha katikati ya mengine. Akalitia kiganjani mwa Odilia, akaendelea na Salamu Maria yake.