Mpira Usiokanyagwa

Alhamisi asubuhi Lavonne Hruska aliona pikapu ya sita ikiacha lami, ikaingia getini kwake, ikakata malisho na kutokea geti la pili. Lo! Lami nzima ya jimbo ipo, watu wanaponda nyasi za ng'ombe wake! Barabara yenyewe ni maili nne tu, toka barabara kuu hadi Kessel, makao makuu ya kaunti, na haina hata shimo la kumkwepesha mtu.

Udadisi ukamwasha, akatoka na aproni yake. Barabarani palikuwa na mpira mweusi, mwembamba kama wa kumwagilia bustani, uliolazwa toka ukingo hadi ukingo, umeunganishwa na kisanduku chenye namba ya simu. Akapiga. Mama mmoja wa ofisi ya barabara akamweleza kwamba mpira ule unahesabu magari, wiki nzima. Yakiwa machache, jimbo linaiachia kaunti barabara hiyo.

"Na theluji ataiondoa nani?"

"Kaunti, mama."

Kaunti ina greda moja kuukuu, nalo halitoki kabla ya adhuhuri. Mumewe Gene husafishwa damu mara tatu kwa wiki, hospitali ya mbali, saa moja asubuhi. Akikosa siku mbili tatu, ndio basi tena.

Pikapu ya saba ilikuwa ya jirani yao Delmar Voss, mkuu wa wazimamoto wa kujitolea. Lavonne akasimama mbele yake.

"We Delmar! Malisho yangu yamekuwa stendi? Mbona hupiti barabarani?"

"Kuna mpira, huuoni? Mpira haukanyagwi!"

"Huo si wa kuzimia moto!"

"Mpira ni mpira. Miaka thelathini nawafokea watu hilohilo. Nusu ya kaunti nimeifundisha kuzima moto mimi."

"Umeifundisha vizuri, hongera! Sasa Gene wangu atakufa kwa adabu zenu."

Akamweleza yote. Delmar akavua kofia, akaivaa tena, akashika redio ya wazimamoto.

"Jamani, ule mpira ukanyageni. Ndiyo, nimesema mimi. Hapana, Vern, sijalewa! Kila mtu kwa safari zake, msirudierudie, tusiliibie jimbo." Akageuza pikapu, akaupita mpira polepole, amekunja uso kama anayekanyaga paka.

Kesho yake, siku ya hospitali, Lavonne akamwingiza Gene garini, akashika njia yake ya kila siku, roho kwatu.

"Mke wangu," Gene akasema, "hivi tukitokea geti la pili, si tunaukwepa ule mpira?"

Lavonne akafunga breki. Miaka yote hutokea geti hilo kufupisha njia. Jumatatu alitokea hapo, na Jumatano pia. Mgonjwa mwenyewe, ambaye barabara ndiyo uhai wake, hakuwamo kwenye hesabu! Aibu ikamshika, machozi yakamlengalenga. Akarudi nyuma hadi geti la kwanza, akaingia kwenye lami. Mpira ukagonga chini ya magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma.

"Haya, nimehesabiwa," Gene akasema. "Kanyaga mafuta, tunachelewa."