Diski Mpya za Fundi Baki

Kuna watu waliojaliwa mikono ya ufundi, na kuna wanawake waliojaliwa subira ya kuishi na mume anayedhani kajaliwa. Mama Pacha, muuguzi wa zamu, alikuwa wa kundi hilo la pili. Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa heshima zake darasani, lakini nyumbani alikuwa na jina jingine: Fundi Baki. Jina hilo alibandikwa na binti zake mapacha, kwa sababu kila alipofungua kitu na kukifunga, skrubu moja ilibaki mezani. Ya pasi ilibaki. Za feni zikabaki mbili. Pampu ya maji ilibakisha springi ambayo mpaka leo hakuna anayejua kazi yake, na pampu inavuta maji, ingawa inalia.

Kwa hiyo breki za gari zilipoanza kukwaruza, na usukani ukawa unatetemeka kila gari lilipotaka kusimama, Mama Pacha hakuzunguka mbuyu. Liende gereji.

"Ni diski za breki na pedi zinazozibana, za mbele tu," mumewe akasema. "Kazi ya Jumamosi moja. Nimesoma, nimeuliza, nimetazama watu wakifanya."

"Baba Pacha, pasi ikikosa skrubu tunavaa nguo zenye mikunjo. Gari likikosa skrubu tutavaa nini?"

Mumewe akaanza kulifuta vumbi boksi lake la spana. Mkewe akamwonea huruma, maana ndivyo alivyoumbwa. "Haya," akasema. "Lakini hii ni ya mwisho. Ikiharibika, boksi lako la spana namgawia jirani, na hutagusa tena hata balbu ya humu ndani."

Tucheke, lakini tusimcheke sana. Mtu mzima kuwa na kitu kimoja anachokipenda kwa moyo wote, na kitu chenyewe kikawa kinamkataa, ni jambo linalouma. Yule bwana alitaka mara moja tu mkewe amtazame kama anavyotazamwa mtu aliyemaliza kazi.

Ndani ya nyumba ile mtu mmoja tu hakuwahi kumwita Fundi Baki: mama mkwe wake. Alikuwa mshonaji aliyestaafu, na magoti yalipomkataza kuishi peke yake, bintiye alimleta akae nao moja kwa moja. Alikuja na cherehani yake na begi moja. Cherehani aliiweka barazani siku ileile. Begi hakulipakua. Alitoa nguo moja, akaifua, akairudisha, na kila aliyemuuliza alijibiwa, "Mimi nimekuja kutembea tu." Mwezi uliopita aliangusha chupa ya chai ikavunjika, na kabla vigae havijafagiliwa alikuwa ameketi mlangoni na begi mapajani, akisema hataki kuwa mzigo. Ilichukua siku nzima kumbembeleza. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," ndilo neno lake. "Na mimi siku ya tatu imepita zamani. Jembe langu liko wapi?" Basi akawa akishona vifungo vya sare za wajukuu, akitia mafuta bawaba za milango, akitafuta kila asubuhi kitu cha kumfaa mtu.

Jumamosi ikafika. Mama Pacha akaenda zamu. Mwalimu akapiga jeki, akaliegemeza gari juu ya vyuma imara, akavua gurudumu la mbele na kuitoa diski ya kwanza. Ilikuwa imelika mpaka ukingo wake ukabaki kama mdomo wa sahani. Akaitia kwenye gunia na kwenda nayo dukani.

Muuza spea alimwekea aina tatu kaunta. Za kwanza zilitobolewa matundu mazuri, zikapakwa rangi nyekundu katikati. Za pili zilikuwa nyepesi hata ukizishika unajiuliza kama zimeshaanza kulika. Za tatu zilikuwa nzito, wazi, hazina mbwembwe.

"Mwalimu, hizi za matundu ndizo wanazokimbilia vijana," akasema muuza spea.

Mwalimu alizitamani, si uongo. Alipitisha kidole kwenye kila tundu. Kisha akatoa ile diski kuukuu, akailaza juu ya zile nzito, akalinganisha upana, akahesabu matundu ya kupitisha bolti, akapima kwa rula kimo cha sehemu ya katikati na unene wa ukingo. Kila kitu kilikubaliana.

"Gari langu linabeba mapacha na bibi yao," akasema. "Halishindani na mtu. Nipe hizi, na pedi zake."

"Umechagua kama mzazi. Ila zikilala mvuani zitaota kutu kidogo usoni, usishtuke. Ukikanyaga breki mara mbili tatu inafutika yenyewe."

Hilo mwalimu alilijua. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba hakumwambia mtu mwingine nyumbani.

Alifanya kazi polepole, ulimi nje. Alisugua kutu ya mahali diski inapokaa, kwa brashi ya waya, mpaka pakang'aa. Alifuta yale mafuta ambayo diski mpya huja nayo kutoka kiwandani. Akafunga kalipa, lile koleo linaloibana diski kwa pedi, akakaza bolti, akarudia kukaza. Mama mkwe alipoamka kutoka usingizi wa mchana, magurudumu yalikuwa yamerudi mahali pake na mkwe wake anatambaa chini ya gari.

"Umepoteza nini, baba?"

"Natafuta kilichobaki, mama."

"Kipo?"

"Hakuna." Akainuka, uso umejaa wasiwasi. "Hakuna kilichobaki."

Mama mkwe akafunga kanga yake vizuri, akaenda kuketi kiti cha mbele. "Twende tukazijaribu," akasema. "Mimi nimeshaishi. Breki zikikataa, hasara ni ndogo."

Wakaenda kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya maghala, isiyo na watu. Mwalimu akawa anaongeza mwendo, anakanyaga breki taratibu, anaachia, anaongeza tena. Bibi akashika mkono wa mlango, akavumilia, mwisho akauliza, "Mbona unasitasita? Umesahau njia?"

"Diski na pedi ni mpya zote, mama. Hazijazoeana. Ukizilazimisha siku ya kwanza zinaharibiana. Inabidi zipashane moto kidogo kidogo."

"Ahaa. Kama mkwe na mama mkwe."

Wakacheka wote wawili. Usukani haukutetemeka, gari lilisimama lilipoambiwa, na mwalimu akarudi nyumbani akiendesha kwa mkono mmoja. Mkewe aliporudi alilizunguka gari, akainama, akatazama, akasema, "Tutaona." Kwa mtu aliyezoea kuitwa Fundi Baki, hiyo ilikuwa nishani.

Jumapili gari halikutoka. Usiku wake mvua ikanyesha hadi alfajiri.

Jumatatu asubuhi Mama Pacha akawapakia mapacha na mikoba yao, akatoa gari. Nje ya geti njia inateremka kidogo, halafu inapinda. Mwalimu alikuwa barazani akifunga kamba za viatu aliposikia mlio wa breki ya mkono ikivutwa, kisha kishindo. Alikimbia na kiatu kimoja. Gari lilikuwa limesimama ndani ya pipa la taka la jirani, au pipa lilikuwa limesimama ndani ya gari, ilikuwa vigumu kutofautisha. Maganda yametapakaa kwenye boneti. Mapacha walikuwa wazima, tena wanacheka. Mama yao hakucheka.

"Nilikanyaga," akasema. "Nilikanyaga, nikakandamiza, gari likaendelea tu. Na watoto wako nyuma."

Mwalimu aliwatoa watoto mmoja mmoja, akawashika vichwa, mabega, magoti, kama anayewahesabu upya. Kama mkewe angefoka, angepata nafuu, lakini hakufoka. Alimkabidhi ufunguo, akawashika wanawe mikono, wakaondoka kwa miguu.

Mwalimu akavua gurudumu. Moyoni alikuwa ameshajihukumu: bolti gani hakukaza, kitu gani kilibaki. Hakukuta kilicholegea. Akapitisha kidole kwenye uso wa diski, kikateleza. Akakinusa. Hayakuwa mafuta ya breki wala grisi. Yalikuwa mafuta mepesi, yenye harufu ya cherehani ya barazani, ya sare za shule na vifungo. Upande wa pili, yaleyale. Mtu alikuwa amepenyeza kitambaa katikati ya nafasi za rimu na kupaka kwa uangalifu, mahali pote palipofikika, asiruke hata kidogo.

Hapo akaelewa yote. Alikumbuka kwamba alipoamka asubuhi ile alimkuta mama mkwe bombani akifua kitambaa. Mzee wa watu aliamka mapema, akaona diski mpya za mkwe wake zimeota kutu kwa usiku mmoja. Akadhani kauziwa mbovu. Akadhani jua likichomoza, bintiye ataona, na jina la Fundi Baki litapata mwaka mwingine. Akatafuta jembe lake, akalipata.

Alipoinua macho, bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni diski?" akauliza.

Nyuma yake, chumbani, begi lilionekana kitandani, limefungwa. Hajui bado, mwalimu akawaza, lakini anaogopa. Nikifungua mdomo, leo hii analibeba. Nikiufumba, mimi ndiye niliyetaka kuwaua wanangu kwa uzembe. Tusimpambe: alisita. Alikaa pale amechuchumaa na kidole chenye mafuta, na alilitaka jina lake jema kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

"Ni mimi, mama," akasema mwisho. "Nilizidisha grisi. Imepata moto, ikavuja."

Jioni alimwambia mkewe hivyohivyo, mezani. Alikuwa amesafisha diski kwa petroli na kununua pedi nyingine, kwa sababu zile za kwanza zilishakunywa mafuta. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma mumewe, "Gari litaenda gereji likakaguliwe. Na boksi la spana liende kwa jirani. Liwe fidia ya pipa." Mwalimu alilibeba mwenyewe. Mama mkwe alikuwa anaitazama sahani yake na hakula.

Siku zikapita. Fundi wa gereji alikagua, akasema kazi ilifungwa vizuri, akashangaa hiyo grisi ilitokea wapi. Mama Pacha akalisimulia hilo mezani kama ajabu, kisha akalisahau. Mama yake hakulisahau.

Jumamosi iliyofuata, familia ikiwa barazani, bibi akaondoa miwani. "Cherehani yangu imegoma."

Bintiye akashtuka. Cherehani ile hakuruhusiwa kuigusa hata yeye aliyezaliwa nayo nyumba moja. "Nitamwita fundi, mama."

"Fundi yupo. Namtaka Baba Pacha."

"Mama. Huyu?"

"Huyuhuyu."

Pacha mmoja akatumwa kwa jirani kuazima bisibisi ya baba yake. Mwalimu akapiga magoti mbele ya cherehani, akafungua kifuniko cha pembeni. Hakuna kilichovunjika. Mkanda ulikuwa umevuliwa kwa mkono, ukakunjwa vizuri, ukawekwa juu ya gurudumu. Akamtazama mama mkwe.

"Mimi ni mzee, si mjinga," akasema bibi, tena kwa sauti ya kusikika na wote. "Mafuta haya nimeyanusa tangu ujana wangu. Siku ile uliinuka pale chini ukanipita mlangoni, na mkono wako ulinuka cherehani. Grisi hainuki hivyo."

"Mama, mafuta gani?" Mama Pacha akauliza.

"Yangu. Niliona chuma cha mumeo kimeshika kutu, nikaogopa utamcheka. Nikakipaka. Kidogo niwaue wewe na wajukuu zangu, na mumeo akaubeba." Akaifuta miwani kwa ncha ya kanga. "Mbona hukusema, baba?"

Mwalimu alizungusha bisibisi mkononi. "Nilitaka usiondoke, mama."

Mama Pacha alikuwa anamtazama mumewe. Lilikuwa lile jicho alilolitaka miaka yote, na limekuja siku ambayo hakuwa ametengeneza kitu. Kisha mwanamke yule akainuka, akavaa ndala, akatoka getini bila kuaga. Aliporudi alikuwa amelikumbatia boksi la spana kwa mikono yote miwili, na doa la grisi kifuani.

Mwalimu alikuwa amesharudisha mkanda na kufunga kifuniko. Bibi akakanyaga, cherehani ikakimbia. Wakashangilia wajukuu. Halafu mmoja wao akanyoosha kidole. Juu ya meza ya cherehani, karibu na mkasi, ilikuwa imebaki skrubu moja.

Wote wakaitazama. Mwalimu akafumba macho.

Bibi akaichukua skrubu, akaingia nayo chumbani. Wakasikia zipu ya begi ikifunguliwa, ikaendelea kufunguliwa hadi mwisho. Akatoka na kopo lake kuukuu la vifungo, ambalo halijawahi kutoka ndani ya begi lile, akaitumbukiza skrubu humo. Akalipanga kopo kwenye rafu ya sebuleni, kando ya vikombe vya nyumba.

"Itakaa hapa," akasema. "Siku ikihitajika, mimi nipo."